Je, Kiongozi Mpenda Amani Ni Shujaa? Tafakari Kutoka Miteremko ya Kilimanjaro

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii hutumiwa kwa namna mbili. Wapo wanaoitumia kumwonya kijana asijitie hatarini pasipo sababu, kwa kuwa aliyekwepa vita hurudi nyumbani mzima. Wapo pia wanaoitumia kwa dhihaka, wakimaanisha kwamba aliyerudi na kicheko ni mwoga, na kwamba heshima ni ya yule aliyeliliwa. Katika matumizi yote mawili limo wazo moja: shujaa ni mtu wa vita. Mtu wa amani huweza kupata umri mrefu, lakini hapati jina.

Wazo hili limeenea. Katika michezo ya kompyuta na ya simu ambayo vijana wa sharika zetu huicheza, makundi ya watu wa kubuniwa hupigania nchi za kubuniwa, na mara nyingi kiongozi wa kundi anayetaka suluhu huonekana ama mnyonge ama mwenye hila. Wala tusiwalaumu vijana peke yao. Mimbarani twawahubiri Yoshua, Gideoni na Daudi mbele ya Goliathi mara nyingi. Abigaili, aliyezuia damu isimwagike, twamtaja mara chache. Hata hivyo Bwana wetu, katika Hotuba ya Mlimani, aliwapa wapatanishi jina lililo kubwa kuliko ushujaa: aliwaita wana wa Mungu (Mt. 5:9).

Katika makala haya tunauliza: je, kiongozi mpenda amani aweza kuitwa shujaa? Hatutalijibu swali hili kwa nadharia tupu. Tutaitazama kwanza desturi ya Wachagga ya kupatana, kisha historia ya viongozi wa Kilimanjaro na ya majirani zao wa Meru, na mwisho tutayapima hayo kwa Maandiko na kwa mafundisho ya Kanisa letu. Tutaonyesha kwamba si kila apendaye amani ni shujaa, wala si kila apendaye amani ni mwoga. Kipimo ni hiki: ni nani aliyelipa gharama ya amani hiyo?

2. Jani la isale

Mgeni apitaye katika vihamba vya Kilimanjaro huuona mmea uitwao isale, wenye majani marefu ya kijani, umepandwa mipakani. Kwa Wachagga mmea huu una kazi zaidi ya moja. Huonyesha mpaka kati ya kihamba na kihamba. Hupandwa mahali walipozikwa wazee. Na jani lake ni ishara ya kuomba msamaha. Aliyemkosea jirani yake huja na jani la isale, na yule aliyekosewa hufungwa na desturi kulipokea na kuyasikiliza maneno ya mwenzake. Mzungu aliyeandika kwa kirefu zaidi juu ya sheria na desturi za Wachagga, mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuchapisha kitabu chake juu ya sheria zao mwaka 1926, alitambua kwamba maisha ya ukoo, ya ujirani na ya rika yalishikwa pamoja na vifungo vya namna hii.

Mambo mawili katika desturi hii yatatusaidia huko mbele. Kwanza, jani la isale lina uzito kwa sababu aliyekosa hujinyenyekeza. Halibebwi ili mtu mwingine aadhibiwe badala yake. Pili, mmea uletao upatanisho ndio huo huo uonyeshao mpaka. Anayepatana na jirani yake hang'oi mpaka. Amani isiyojua kilicho haki ya huyu na kilicho haki ya yule siyo amani iliyokusudiwa na wazee.

3. Wamangi wawili: Meli na Marealle

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Kilimanjaro haikuwa nchi moja. Ilikuwa na umangi mwingi, mkubwa na mdogo, na baadhi yao walivamiana kwa ajili ya ng'ombe na watu wa kuuza kwa misafara ya pwani. Wenye nguvu walikuwa Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi, aliyejulikana kwa wageni kwa jina la Mandara. Moshi tunayoitaja hapa ni Old Moshi ya mlimani, si mji wa leo uliokua tambarare baada ya reli kufika. Rindi ndiye aliyetia mkataba na Wajerumani mwaka 1885, na alipofariki mwaka 1891 kiti chake kilishikwa na mwanawe Meli, aliyekuwa bado kijana.

Habari za Mangi Meli zajulikana. Mnamo Juni 1892 wapiganaji wake walikishinda kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akauawa. Wajerumani wakauacha mlima kwa muda. Wamisionari wa Kianglikana waliokuwa Moshi tangu 1885 walituhumiwa kuwa upande wa Meli, nao wakalazimika kuhamia Taveta. Agosti 1893 von Schele alirudi na jeshi kubwa zaidi, na Moshi ikashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachagga, Wameru na Waarusha, miongoni mwao Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Husemwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliofanyika Berlin uliyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro na jamaa walio hai hapa kwetu, mmojawapo akiwa mshauri wa Meli; fuvu la Meli mwenyewe halikutambuliwa.

Hakuna anayebisha kumwita Meli shujaa. Lakini yafaa tukumbuke jambo lisahauliwalo. Kati ya kushindwa kwake mwaka 1893 na kufa kwake mwaka 1900 ipo miaka ambayo hakupigana na Wajerumani. Katika miaka hiyo, mnamo 1896, Misheni ya Leipzig ilifungua kituo chake cha Moshi, pale Kidia, Meli akiwa Mangi. Mtu aliyenyongwa hakukamatwa akiwa na mkuki vitani. Alituhumiwa kupanga uasi, na tuhuma hiyo ikatosha.

Mangi wa pili ni Marealle wa Marangu. Alitawala nchi ndogo, iliyokuwa imeonewa na majirani wenye nguvu, na tangu mwanzo alitambua kwamba mkuki wake hautamfikisha mbali. Silaha yake ilikuwa ukarimu na maneno. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889, alipokewa naye. Wajerumani walipotafuta mahali pa kuweka kituo chao mwaka 1891, walikiweka Marangu. Marealle hakupigana nao hata mara moja. Watu wa Marangu hawakupata msiba wa Kibosho ya 1891 wala wa Moshi ya 1893. Mzazi wa Marangu aliyewaona wanawe wakiwa hai angeweza kusema kwa haki kwamba Mangi wake alikuwa mwenye hekima.

Je, tumwite Marealle shujaa wa amani? Hapa ndipo penye ugumu. Masimulizi ya Moshi na Kibosho, pamoja na mtafiti Kathleen Stahl katika historia yake ya Wachagga iliyochapishwa 1964, yanasema kwamba Marealle alikuwa na mkono katika tuhuma zilizowafikisha wenzake kwenye mti wa kunyongea, na kwamba alijua kulitumia sikio la Kapteni Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi. Baada ya wapinzani wake kuondolewa, mamlaka yake yalipanuliwa hata Rombo, ingawa hayakudumu. Hatuandiki haya ili kuwahukumu wazao wa mtu yeyote, ambao twashiriki nao meza moja ya Bwana. Wala tusisahau kwamba aliyenyonga ni serikali ya kikoloni, si Mangi wa Marangu. Twasema tu kwamba, ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli, amani ya Marangu ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa Old Moshi, Kibosho na Siha. Kicheko kilikuwa kwake; kilio kilipelekwa kwa jirani.

4. Tambarare kati ya milima miwili

Kama mfano wetu ungekuwa Marealle peke yake, tungelazimika kukiri kwamba mpenda amani ni mtu wa werevu tu. Lakini uko mfano mwingine, nao una uhusiano na Moshi kwa namna mbili: ulihusu ardhi iliyo upande wa Meru, kati ya mlima huo na Kilimanjaro, na wakili wake alikuwa na ofisi yake mjini Moshi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Tanganyika ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza suala la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Taarifa yake ya 1947 ilipendekeza kwamba baadhi ya mashamba yapewe Waafrika waliosongamana milimani, lakini pia kwamba eneo la Engare Nanyuki, lililokaliwa na Wameru, liunganishwe na mashamba ya Wazungu. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zao zilichomwa moto. Walielekezwa kuhamia Kingori, mahali walipopakataa.

Tutazame walivyofanya. Hawakuchukua mikuki. Waliikataa amri kwa maneno, wakaikataa fidia, wakachangishana fedha, wakamtuma mmoja wao, Kirilo Japhet, aende Umoja wa Mataifa pamoja na wakili Earle Seaton wa Moshi. Mwaka 1952 Japhet alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini, akawa Mtanganyika wa kwanza kuyafikisha malalamiko ya watu wake huko kwa kinywa chake. Baadaye mwaka huo huo kamati ya Baraza Kuu iliyohusika na nchi za udhamini iliwaunga mkono, lakini azimio halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu lenyewe. Aliporudi alizunguka sehemu za Tanganyika akieleza yaliyotokea. Miaka miwili baada ya safari yake, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa, na mnamo Machi 1955 Julius Nyerere alipita njia ile ile ya New York.

Uchaguzi huu haukuwa jambo jepesi. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa katika nchi jirani ya Kenya, ambako pia chanzo kikuu kilikuwa ardhi. Wameru walijua kwamba iko njia nyingine. Nao walikuwa na kumbukumbu yao wenyewe ya damu. Mnamo Oktoba 1896, pale Akeri, wamisionari wa Leipzig Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa na wapiganaji wa Meru na Arusha, na baada yake askari wa Wajerumani, pamoja na wapiganaji kutoka Kilimanjaro, waliwaadhibu watu wa Meru bila huruma. Miaka 55 baadaye wajukuu wa wapiganaji wale, wengi wao wakiwa Wakristo wa Kanisa lililozaliwa na misheni ile ile, walifukuzwa katika nyumba zao wala hawakumwua mtu. Hatusemi kwamba Injili peke yake ndiyo iliyowazuia. Walijua pia bunduki hufanya nini. Lakini twaweza kusema kwamba walichagua, na kwamba uchaguzi wao ulikuwa na nguvu kuliko mikuki ya 1896.

Tukitumia kipimo chetu, tofauti na habari za Marangu inaonekana mara moja. Hapa kilio kilikuwa nyumbani kwa wapenda amani wenyewe. Walioamua kutopigana ndio walioona paa zao zikiungua. Kirilo Japhet hakuinunua suluhu kwa shamba la mwingine. Wala amani yake haikuwa kimya: aliutaja mpaka, akataja ni nani aliyeuvuka, akayasema hayo mbele ya mataifa. Alilibeba jani la isale bila kung'oa isale ya mpakani. Leo Ngarenanyuki ni kata ya wilaya ya Arumeru, na Wameru wanailima.

5. Mwanga wa Maandiko na wa mafundisho yetu

Biblia yazijua aina zote mbili za wapenda amani. Nabii Yeremia aliwakemea viongozi walioliponya jeraha la watu juujuu, wakitangaza amani pasipo amani (Yer. 6:14). Lakini Yeremia huyo huyo aliwashauri watu wa Yerusalemu wasiendelee kupigana na Wakaldayo. Wakuu walimshtaki kwamba aidhoofisha mikono ya askari, wakamtia katika shimo lenye matope (Yer. 38:4-6). Machoni pao alikuwa msaliti. Kilichomtofautisha na manabii wa uongo si kwamba wao walipenda amani naye hakuipenda. Wao waliitangaza amani iliyowapendeza wakuu, na yeye aliutangaza ukweli uliomgharimu mwenyewe. Abigaili naye alitoka kumlaki Daudi mwenye hasira, akaomba hatia iwe juu yake mwenyewe (1 Sam. 25:24). Hakuwatuma watumishi wafe mbele yake.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa Kayafa. Yeye naye alitaka amani. Aliogopa Warumi wasije wakaiondoa nchi na taifa, akashauri kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu (Yn. 11:48-50). Kwa hesabu ya kisiasa shauri lake lilikuwa na akili, na viongozi wengi wa mataifa wamelifuata. Lakini Kayafa alikuwa akimtoa mtu mwingine. Yohana aonyesha kwamba maneno hayo hayo yalikuwa na maana ambayo msemaji hakuijua. Kristo alikufa kweli kwa ajili ya watu, kwa kuwa alijitoa mwenyewe, na kwa hiyo Paulo amwita amani yetu, aliyekibomoa kiambaza kilichotutenga (Efe. 2:14). Amani ya Kayafa na amani ya Kristo zilikutana katika msalaba mmoja. Tofauti ni nani aliyetolewa na nani aliyejitoa.

Sisi Walutheri tulio na theolojia ya msalaba tungepaswa kuliona jambo hili mapema kuliko wengine. Huko Heidelberg mwaka 1518 Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kama lilivyo, na kwamba Mungu hujulikana katika mateso na udhaifu. Wakati huo huo Kanisa letu halikufundisha kamwe kwamba kila ashikaye upanga atenda dhambi. Ungamo la Augsburg, ibara ya 16, lakubali kwamba Mkristo aweza kutumika katika vita vya haki, na Luther aliliandikia jambo hilo kitabu kizima mwaka 1526. Basi hatuna sababu ya kumnyima Meli heshima yake.

Lakini tuwe wakweli pia juu ya urithi wetu. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1525 Luther aliwaonya mabwana na wakulima wa Ujerumani wote pamoja wadumishe amani, akawakemea mabwana kwa uonevu wao. Muda mfupi baadaye, machafuko yalipozidi, aliwaandikia mabwana wawapige wakulima bila huruma. Wakulima kwa maelfu waliuawa. Hiyo nayo ilikuwa amani iliyotafutwa na mpenda utaratibu, na walioilipa hawakuwa mabwana wala Luther. Tukimpima Marealle kwa kipimo hiki, hatuna budi kujipima nasi.

6. Matumizi katika kazi ya uchungaji

Mchungaji si Mangi, lakini mara nyingi huwekwa kati ya makundi. Ndugu hugombea kihamba. Wazee wa usharika hugawanyika juu ya fedha. Mitaa hugombea makao ya usharika mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligawanyika juu ya kuunda dayosisi mpya, hata waumini wa ubatizo mmoja wakapigana. Kila upande ulikuwa na watu walioipenda amani kwa dhati. Kwa hiyo haitoshi mchungaji kusema kwamba yeye ni mtu wa amani. Twapendekeza ajiulize maswali matatu kabla hajaitangaza suluhu.

Kwanza, ni nani atakayeilipia suluhu hii? Kama anayeilipia ni mjane, au mfanyakazi wa ndani, au yule ambaye hayumo kikaoni, basi tumefanya kazi ya Kayafa tukiwa tumevaa kola. Pili, je, kosa limetajwa kwa jina lake? Msamaha hauhitaji kuusahau mpaka. Mume ampigaye mkewe asiletewe jani la isale na mke aliyepigwa. Ni yeye apasaye kulileta. Tatu, je, sisi wenyewe tu tayari kupoteza kitu, pengine upendeleo wa matajiri wa usharika, au sifa ya kwamba kwetu hakuna matatizo?

Maswali haya hayamfanyi mchungaji kuwa mgomvi. Humzuia tu asiuite ukimya wa wanyonge kuwa ni amani.

7. Hitimisho

Tumeuliza kama kiongozi mpenda amani ni shujaa. Historia ya mlima huu yatufundisha tusijibu kwa haraka. Yuko aliyepigana, akanyongwa, na twamheshimu. Yuko aliyekwepa vita kwa werevu, akawaokoa watu wake, lakini kumbukumbu ya majirani yamshuku. Na wako waliokataa mikuki, wakakataa pia kunyamaza, wakabeba hasara yao wenyewe hadi haki yao ikasikiwa mbali. Hao wa mwisho hawakufanana na mashujaa wa hadithi. Hawakurudi na nyara, na kura haikutosha.

Ndiyo maana methali tuliyoanza nayo yahitaji nyongeza kutoka kwa Kanisa. Kilio huenda kwa shujaa, ni kweli. Lakini kilio hicho chaweza kumwendea pia mtu asiyemwua yeyote. Kazi ya wahubiri na walimu wa Kipaimara ni kuwaonyesha vijana wetu watu wa namna hiyo kwa majina na kwa mahali, ili wanaposikia neno shujaa wamkumbuke Meli wa Old Moshi na Kirilo Japhet wa Meru pia, na juu ya wote wamkumbuke yeye aliyeifanya amani kwa damu ya msalaba wake, isiyokuwa ya mtu mwingine.